Mchanga wa Hildegardi

Kila asubuhi Hildegardi alishuka ufukweni Liuli na masufuria kichwani, akayasugua kwa mchanga wa ziwa mpaka yakang'aa. Mtaani hakuna aliyemfikia, naye alijua! Mama yake aliwatambia majirani, "Kwenye sufuria la Hilda unaweza kujitazama uso."

Siku moja kabla ya harusi ya dada yake Edina, baba mdogo Urbani alifika kutoka Mbinga na gari lake jeusi, la kwanza katika ukoo wao. Kesho yake lingempeleka bibi harusi kanisani. Lakini lo! Mlango mmoja ulikuwa umegandwa na tope la njiani.

"Nitamfurahisha baba mdogo," Hildegardi akawaza. Alichota ndoo ya maji na konzi ya mchanga, akasugua kwa nguvu zote. Tope likatoka. Alipomwagia maji akaona mlango umejaa michirizi. Moyo ukamlipuka, akakimbilia jikoni.

Baba mdogo alipoiona akafoka, "Ni mbuzi wa Joakim hao! Joakim, kesho kwenye gari hili hupandi!"

Joakim, mdogo wake Hildegardi aliyechunga mbuzi wa nyumbani, alikuwa amengoja safari hiyo mwezi mzima. Alilia mpaka akapata kwikwi. Hildegardi alimsikia, akaendelea kujificha jikoni.

Alasiri akaja fundi wa rangi za magari, Getrude, aliyeitwa na baba mdogo. Huyafuata magari huko huko yaliko, pikipiki yake imebeba sanduku la vifaa.

"Shikamoo, mama fundi," watoto walimwamkia.

"Marahaba. Ni pembe za mbuzi hizi?"

"Mbuzi hasa," akajibu baba mdogo.

Fundi akapaka dawa ya kung'arishia kwenye kitambaa. Hildegardi akatupa jicho kwenye mpira wa dirisha. Chembe za mchanga zilikuwa zimejificha pale! Mchanga aliujua vizuri kuliko wote waliosimama hapo. Fundi akanyoosha mkono.

"Mama fundi, ngoja!" Hildegardi alijipenyeza mbele. "Si mbuzi. Ni mimi. Nilisugua kwa mchanga."

Fundi akapitisha kidole kwenye mpira, kikatoka na mchanga.

"Umeniokoa, binti. Ningeburuza chembe hizi mlango mzima. Haya, lete maji, tuzifukuze."

Walisuuza mara tatu, Hildegardi akikagua kila upenyo. Kisha fundi akapitisha msasa laini uliolowa, taratibu, akamalizia kwa dawa. Michirizi ilikuwa ya juu tu, ikatoweka yote.

Baba mdogo akamshika Joakim bega. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu bila kuuliza. Kesho utakaa mbele." Akamgeukia Hildegardi. "Nawe, kazi usiyoijua uliza kwanza. Ukikosea, sema mapema. Ungenyamaza, mlango ungeharibika zaidi na mdogo wako angeadhibiwa kwa kosa lako. Leo umesema, na najivunia."

Akampa kitambaa laini na sabuni. "Kesho asubuhi utaliosha wewe. Mchanga waachie masufuria!"

Siku ya harusi gari liling'aa mbele ya kanisa, Joakim akipunga mkono dirishani. Mzee mmoja akauliza, "Nani kaliosha hivi?"

Hildegardi alitazama chini, lakini baba mdogo alishamshika mkono.

"Huyu hapa," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Binti yangu."