Vidole vya Kija

Kila Jumamosi Wilhelmina alifua nguo za mitumba. Nguo safi ilinunuliwa haraka sokoni Igoma. Jumamosi moja, mwaka 1996, kamba zote za uani zilijaa nguo. Binti yake Kija, mwenye miaka minane, alichukua mashati mawili akapanda nayo kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba ili ayaanike huko. Jiwe lilikuwa limelowa. Kija aliteleza, akaangukia mkono wa kushoto.

Wilhelmina alisikia kilio akakimbia. Mkono wa mtoto ulikuwa umepinda, juu kidogo ya kiwiko.

"Usiuguse, mama! Usiuguse!"

Baba yake Kija, Luhaga, alikuja mbio kutoka karakana yake iliyokuwa jirani. Zamani alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipopunguza watu naye akapunguzwa. Sasa alichomelea mageti na madirisha ya vyuma.

"Tumpeleke hospitali," alisema Wilhelmina.

"Hapana. Umesahau mkono wa Shimba?"

Wilhelmina hakusahau. Shimba, mdogo wake Luhaga, alivunjika mkono kijijini. Alikwenda hospitali na mikono miwili, akarudi na mmoja. Tangu hapo Luhaga alisema hivi: hospitali hawaungi, wanakata.

Basi walimpeleka Kija kwa Mzee Machibya, mganga wa mifupa. Alikuwa mtu mpole, na wengi mtaani walimwamini. Aliupapasa mkono, akauvuta. Kija alipiga kelele. Kisha mzee aliuzungushia vijiti, akavifunga kwa kamba kutoka kiganjani mpaka karibu na kwapa.

"Nimekaza vizuri," alisema. "Mfupa hautacheza."

Ilikuwa saa sita mchana.

Saa nane Kija alikataa uji. Badala ya kupungua, kilio kilizidi.

"Unawaka, mama. Ndani unawaka moto."

"Vumilia, mwanangu. Mfupa unaanza kuunga."

Lakini Wilhelmina mwenyewe hakuamini alichosema. Alianza kukunja nguo, akaziacha. Luhaga alikwenda karakana, akashika chuma, akakiweka chini, akarudi nyumbani. Baada ya muda mfupi akatoka tena. Akarudi tena. Hakukaa.

Kabla ya saa tisa Kija alinyamaza. Wilhelmina akashukuru kimoyomoyo. Ndipo mtoto akasema, "Mama, vidole vyangu vimekufa ganzi."

Wilhelmina alivishika. Vilikuwa baridi, vimevimba kama ndizi. Alitoka nje bila viatu.

"Dada Selina! Dada Selina!"

Selina alikuwa muuguzi wa zahanati, na nyumba yake ilitazamana na yao. Ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kazini. Aliingia na sare yake, akapiga magoti kando ya Kija. Aliubonyeza ukucha wa mkono mzima, ule wa kulia.

"Tazama, Mama Kija. Nikibonyeza unakuwa mweupe. Nikiachia, wekundu unarudi mara moja. Sasa tazama huku."

Akabonyeza ukucha wa mkono uliofungwa. Akaachia. Wekundu haukurudi. Alijaribu kunyoosha kidole kimoja taratibu, na Kija akapiga ukelele kwa maumivu ya mkono.

"Leteni mkasi."

Luhaga alisimama mlangoni. "Ukifungua, mfupa utaachana!"

"Baba Kija, mfupa unaweza kusubiri. Damu haisubiri. Mkono ukivunjika huvimba. Ukiubana pande zote, uvimbe utakwenda wapi? Unaikandamiza mishipa ya damu. Nyama ikikosa damu inakufa. Saa chache tu zinatosha."

"Na huko hospitali wataukata, kama wa mdogo wangu Shimba!"

Selina hakupandisha sauti. "Shimba alipofikishwa hospitali, mkono wake ulikuwa na rangi gani?"

Luhaga alijibu, "Mweusi."

"Ulikuwa umefungwa siku ngapi kabla ya hapo?"

"Tano."

Alilisikia jibu lake mwenyewe. Alimtazama Kija, akavitazama vile vidole. Kisha akaingia chumbani, akaleta mkasi.

Selina alizikata kamba zote. Hakuusugua mkono wala hakuuvuta. Aliuacha ulivyokaa, akaweka nguo laini chini yake, akautuliza kwa kanga isiyobana. Mteja mmoja wa Luhaga alikuwa na pikapu. Aliwachukua mpaka hospitali kubwa mjini.

Kija aliingizwa chumba cha picha. Luhaga alisimama, akaketi, akasimama. Alitembea ukumbini mpaka mhudumu akamwambia, "Baba, unatuchosha macho." Wilhelmina alikuwa anasali bila sauti.

Daktari, jina lake Revocatus, aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha.

"Amevunjika hapa, juu ya kiwiko."

Luhaga alisogea. "Na hapa pia, daktari! Naona pengo. Na hapa chini! Amevunjika mara tatu!"

"La, hapo ni pazima," alisema daktari. "Mtoto ana sehemu laini karibu na ncha za mifupa yake. Ni gegedu, kama lile la sikio lako. Halionekani kwenye picha. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Akishakua, panakuwa pagumu, na kurefuka kunakwisha. Ndiyo sababu hatutaki pavutwe ovyo. Pakiharibika, mkono unaweza kukua umepinda."

"Nilidhani mfupa ni kitu kikavu tu."

"Mfupa uko hai. Nje ni mgumu, ndani una uboho unaotengeneza damu. Nao wenyewe unalishwa na damu. Wewe ni fundi wa nini?"

"Nachomelea vyuma."

"Basi huu unajichomelea wenyewe. Kwanza panatokea ute laini, baadaye unakuwa mgumu. Kazi yetu ni kuunyoosha na kuutuliza. Yeye ale dagaa, anywe maziwa, akae juani. Mengine mfupa unayajua."

"Na vidole?" aliuliza Wilhelmina. "Vitapona?"

"Hilo siwezi kuahidi sasa. Tusubiri."

Kija alipewa dawa ya usingizi, mfupa ukanyooshwa. Aliwekewa plasta ngumu upande mmoja tu, vidole vikaachwa wazi. Wauguzi walivitazama kila baada ya muda mfupi. Jua lilikuwa bado halijazama Kija alipofumbua macho.

"Mama," alisema. "Kidole kinawasha."

Wilhelmina aliangua kilio. Hakuwahi kufurahia neno lolote kama hilo.

Baada ya siku chache Luhaga alikwenda kwa Mzee Machibya. Njiani alikuwa na hasira. Alipomwona mzee, hasira ikapoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

Luhaga alimweleza yote, pamoja na habari za Shimba.

"Nimefunga mikono ya watu miaka thelathini," alisema Machibya. "Wengine walipona. Wengine hawakurudi, nikadhani wamepona." Akanyoosha mkono wake. "Hebu nionyeshe hiyo ya kucha."

Wiki ya nne plasta ilitolewa. Kiwiko kilikuwa kigumu. Daktari alikataza kukanda. Alitaka Kija akikunje na kukikunjua mwenyewe, kidogo kidogo. Alifanya hivyo kila siku. Mwanzoni alilia. Baada ya miezi mitatu aliweza kujifunga kitambaa kichwani kwa mikono yote miwili.

Siku walipokwenda kuonana na daktari kwa mara ya mwisho, walimkuta Mzee Machibya kwenye benchi la wagonjwa. Kando yake alikaa bibi mmoja, mkono umening'inizwa kwa kanga iliyolegea.

"Aliletwa kwangu asubuhi," alisema Machibya. "Mkono ulikuwa umevimba. Sikufunga. Nikasema twende huku."

Kija alimsogelea yule bibi. "Shikamoo, bibi. Chezesha vidole."

Bibi alivichezesha, vyote vitano.