Mlango wa Kumi na Saba

Hodi ya kwanza ilitokea kwenye skrini, saa tisa alasiri, jua likiwaka, na fundi akaicheka.

Alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, swichi ya mtandao mapajani. Ofisi moja iliyohama iliitelekeza kabatini, naye akaibeba nyumbani ajifunzie, maana Jumatatu alikuwa na usaili wa kazi na hakutaka kuumbuka tena mbele ya vijana. Lilikuwa boksi la chuma la kawaida tu, lenye matundu ishirini na manne ya kuchomekea nyaya, ambayo mafundi huyaita milango. Shida ni kwamba lilimgomea. Anwani yake hakuijua, nywila hakuijua. Alijaribu anwani zote alizozikumbuka, kimya. Alibonyeza kitufe cha kuifuta kumbukumbu mpaka kidole kikafa ganzi. Mwishowe akachomeka waya wa nyuma, ule wa kuongea na swichi ana kwa ana, na badala ya kuulizwa jina na nywila akaona neno moja jeupe kwenye skrini nyeusi ya kompyuta yake: Hodi.

"Aliyekuwa nayo alipenda utani," alijisemea. Akaandika: Karibu.

Swichi ikafunguka. Fundi akapiga makofi ya furaha, na binti yake wa miaka mitano, ambaye kwa kuongea bila kituo nyumba nzima ilimwita Chiriku, akaacha kuchora.

"Baba, ameingia nani?"

"Hajaingia mtu, mama. Ni baba ndiye kaingia."

"Siyo wewe," alisema Chiriku, akiangalia nyuma ya kochi.

Fundi hakumsikiliza. Alikuwa akishangaa taa. Hakukuwa na waya hata mmoja katika ile milango, lakini taa ya mlango wa kumi na saba ilikuwa ikipepesa kijani, kama inavyopepesa pakiwa na mtu upande wa pili. Akaweka kidole pale. Tundu lilikuwa likipumua baridi, na pumzi yake ilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi. Akafungua hesabu ya mlango huo kwenye skrini. Vilivyoingia: 1. Vilivyotoka: 0.

"Baba Chiriku!" mkewe aliita kutoka jikoni. "Mbona mtoto kanyamaza?"

Ndipo naye alipousikia ule ukimya. Chiriku alikuwa amesimama kwenye pembe ya ukuta, amewageuzia mgongo, paji la uso limegusa rangi, akiitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayepewa maagizo. Mama yake alifika mbio, akavuta harufu ile ya udongo. Hapo hapo akampigia simu shangazi yake fundi, mama mtu mzima ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwasomea watu waliopandwa na majini.

"Alipopiga hodi ulimjibuje?" shangazi aliuliza kwa sauti ya chini kwenye spika ya simu, fundi alipokwisha kumsimulia.

"Nilisema karibu," fundi alinong'ona. "Nilidhani utani, shangazi."

"Ehe. Basi huyo si mwizi, mwanangu, ni mgeni wako. Sasa nisikilize vizuri. Usifunge kitu. Muage kwa adabu, umsindikize mpaka pale pale alipoingilia, atoke kwanza. Ukishaona katoka, ndiyo ufunge. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Na kweli alielewa, na alikuwa ameshafumbua mdomo aage, lakini Chiriku akageuka polepole, macho yamefunguka mno, na hodi ikasikika tena, safari hii ukutani, kisha darini, kisha ndani ya kifua kidogo cha mtoto ambaye midomo yake haikutikisika, na fundi, ambaye kwa miaka kumi na mbili dawa yake ya kila kitu kibaya mtandaoni ilikuwa kufunga mlango, alijikuta vidole vinakimbia vyenyewe kwenye kibodi, vinafunga wa kwanza, wa pili, wa kumi na saba, yote ishirini na minne, kisha akaing'oa swichi kwenye umeme na kuipiga nyundo, akaipiga, akaipiga, mpaka matundu yakabondeka na boksi likalala sakafuni limepinda.

Pakatulia. Mkewe akaangua kilio cha nafuu.

"Ameshatoka?" shangazi aliuliza kwenye simu. "Jamani, ameshatoka?"

Chiriku alikuwa amemfuata baba yake, akapanda mapajani kama alivyozoea, akamkumbatia shingoni. Fundi alimkumbatia huku akilia kwa furaha, akimwomba msamaha, akimbusu nywele. Zilinuka udongo mbichi.

"Fundi," mtoto alisema sikioni mwake, kwa sauti ya mtu mzima, ya upole na yenye heshima zote. "Milango umeifunga. Sasa mimi nitokee wapi?"