Pini ya Papa Djuma

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Falonne alipangusa kiti cha nyuma cha baiskeli ya baba yake. Papa Sébastien alikuwa mwendesha toleka, yaani baiskeli ya kubebea abiria. Aliamini kwamba mteja hakai kwenye kiti chenye vumbi, hata kama mteja mwenyewe ametoka soko la Mangobo na matope mpaka magotini. Falonne alipomaliza, baba yake alibana breki, akajaribu kuisukuma baiskeli mbele, akatabasamu.

"Inashika!" alisema. "Aksanti, mutoto yangu. Bila wewe ningekuwa ndani ya mutaro."

Zamani sifa kama hizo zilimfurahisha Falonne siku nzima. Sasa zilimchoma moyo. Alichukua mfuko wake wa madaftari akaondoka bila kuaga vizuri, na njiani aliomba jambo moja tu: upepo usivume leo.

Shule yao ilikuwa na uwanja mpana uliofika mpaka kwenye makaburi ya zamani. Majani ya uwanja huo yalikuwa yakikatwa na Papa Djuma, mzee wa Maniema, kwa mashine yenye kiti na magurudumu manne ambayo kila mtu aliiita tondeuse. Papa Djuma alikaa juu yake wima kama gavana siku ya gwaride. Akiona kiu, alichukua spana akagonga chuma cha mashine mara tatu: ti, ti, ti. Mke wake, Maman Madina, alitoka katika nyumba yao ndogo kwenye kona ya uwanja akiwa na kikombe cha maji. Wanafunzi walicheka sana, na wawili hao walicheka pamoja nao.

Homa ilimchukua Papa Djuma katika msimu wa mvua. Mashine yake ilibaki chini ya kibanda cha bati, karibu na makaburi, kwa maana chombo cha marehemu hakiguswi mpaka arobaini yake isomwe. Lakini ndugu zake waliotoka Kindu walikuwa wamepata lori la kuwarudisha, na lori halingojei mtu. Waliomba arobaini isomwe siku ya thelathini na nne, na Maman Madina alikubali. Siku hiyo hakuna aliyelalamika. Watu walikula wali na nyama ya mbuzi, wakanawa, wakashukuru. Maneno yalikuja baadaye, kama kawaida ya maneno.

Yalikuja kwa sababu ya mlio. Kila upepo ulipotoka upande wa mto kabla ya mvua, sauti ilisikika kule makaburini: ti, ti, ti. Wanafunzi waliacha kuandika. Mwalimu naye aliacha kufundisha, kisha akajifanya anatafuta chaki.

Falonne alijua, au alidhani anajua, kwa nini marehemu anagonga.

Katika wiki ya matanga, breki ya baba yake ilikuwa imepoteza pini, kijichuma chembamba chenye ncha zilizokunjwa, kinachoshikanisha vyuma viwili. Alasiri moja, akifagia nyuma ya kibanda, Falonne aliona pini ya ukubwa uleule chini ya tondeuse, kwenye ncha ya fimbo fulani ya chuma. Alizinyoosha ncha zake kwa msumari, akaichomoa. Nyumbani alisema ameiokota barabarani. Baba yake alimbusu kwenye paji la uso. Tangu siku hiyo, kila "ti" ilikuwa kama jina lake linaitwa.

Jumamosi ya salongo, siku ya usafi wa pamoja, Directeur Cyprien, mkuu wa shule, aliamua kwamba basi, yatosha. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, na mbuzi wa jirani alikuwa ameumwa na nyoka humo. Betri ya mashine ilikuwa imekufa, kwa hiyo wanaume sita waliinama kuisukuma mpaka barabarani. Haikwenda. Walihesabu moja, mbili, tatu, wakasukuma tena mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Magurudumu ya nyuma hayakuzunguka hata kidogo, yaliburuta tu na kuchora mistari miwili kwenye udongo.

Wakati huohuo upepo ukaja. Ti, ti, ti. Wanaume sita waliiachia mashine kama sufuria ya moto.

"Djuma iko tu pale, juu ya kiti," mmoja alinong'ona. "Arobaini yake haikutimia."

Wote waligeuka kuitazama nyumba ya Maman Madina.

Kufikia Jumatano hakuna aliyenunua tena mikate ya kukaanga ya Maman Madina. Wazazi walikwenda kwa Directeur wakisema mwanamke yule hawezi kukaa karibu na watoto. Directeur hakuwa mtu mbaya, ila aliwaogopa wazazi kuliko alivyowaogopa wafu. Alimwambia Maman Madina kwamba mashine isipotoka Jumamosi inayofuata, atafute nyumba mahali pengine.

Falonne alikonda wiki ile. Akisema kweli, baba yake atashuka mteremko bila breki. Akinyamaza, Maman Madina atabeba mikeka yake aende asikokujua, na labda marehemu atakuja mpaka nyumbani kwao kudai chake. Mara mbili alifika mlangoni kwa mjane huyo, na mara mbili alirudi.

Jumamosi ilipofika, Directeur alimleta Maman Fanny, fundi wa injini za mitumbwi kule bandarini, mwanamke mnene mwenye mikono myeusi kwa mafuta. Nusu ya mtaa ilikuja kuangalia. Papa Sébastien alikuwa amesimama pembeni na baiskeli yake.

"Bon," alisema Maman Fanny. "Tuanze kuuliza mashine. Maiti tutamuuliza kisha."

Alikagua kwanza breki ya kuegeshea. Ilikuwa imeachiwa. Alilala chini akatazama kama majani yamejizungusha kwenye ekseli. Aliyatoa machache, mashine ikabaki palepale. Kisha aligonga kisanduku cha chuma kati ya magurudumu ya nyuma.

"Hii haina gia sawa pikipiki. Ndani humu iko mafuta, na ni mafuta ndiyo inasukuma magurudumu. Injini ikizimwa, mafuta inafungiwa humo ndani, inashika magurudumu nguvu. Mutaisukuma mpaka mukufe. Basi, kama unataka kuisukuma, unavuta kwanza fimbo hii ya nyuma. Inafungulia mafuta njia, magurudumu yanazunguka."

Aliivuta fimbo. Ilikuja kwa wepesi, bila kushika kitu. Maman Fanny alikunja uso, akaingiza mkono chini kuifuata mpaka ncha yake.

"Tazameni. Fimbo inaning'inia. Hapa palikuwa na pini ya kuishikanisha na kisanduku. Haiko. Upepo ukiitikisa, inagonga chuma." Aliitikisa kwa kidole. Ti, ti, ti.

Watu walishusha pumzi. Falonne naye alidhani yameisha, kwamba pini itasemwa imedondoka na yeye atalala usingizi. Lakini Maman Fanny alikuwa fundi, na fundi hapendi jambo la nusu.

"Pini ya namna hii haianguke yenyewe," aliongeza. "Ncha zake zinakunjwa. Kuna mutu aliitoa."

"Nani alikuwa anakala karibu na mashine?" sauti moja ilipanda. "Bibi yake! Aliitoa ili amufunge bwana yake!"

"Ndiyo! Ile ni dawa ya kufunga maiti!"

Kelele zilikua. Mtu aliusukuma mlango wa nyumba ndogo. Maman Madina alitoka akiwa na kikombe cha maji mkononi, asijue kinachoendelea, akasimama akiwatazama majirani waliokula wali wake.

Falonne alisikia sauti yake mwenyewe kabla ya kukata shauri.

"Ni mimi! Niliitoa mimi! Iko ku baiskeli ya papa!"

Papa Sébastien alimtazama binti yake, kisha akaitazama breki yake. Uso wake ulijaa aibu, na Falonne alitamani ardhi impasukie. Baba yake alilaza baiskeli chini mbele ya watu wote, akaomba koleo, akaichomoa pini na kumpa Falonne.

"Irudishe kwa mwenyewe," alisema.

Falonne alitembea mpaka kwa Maman Madina. "Mama, unisamehe. Nilimuibia Papa Djuma. Halafu nilinyamaza, na wewe ndiye walikutukana."

Maman Madina aliipokea pini, akaigeuzageuza, akampa fundi. Maman Fanny aliitia mahali pake, akakunja ncha, akaivuta fimbo. Safari hii ilishika. Alimwita Falonne na msichana mwingine mmoja tu wasukume. Tondeuse ilitoka kibandani polepole, bila ubishi, juu ya mistari miwili iliyochorwa wiki iliyopita. Watu waliokuwa wakipiga kelele walianza kukumbuka shughuli zao za nyumbani, mmoja mmoja.

Upepo wa mvua ulikuja kutoka mtoni. Waliobaki walitega masikio. Hakuna kitu kilichoita.

"Kumbe ilikuwa fimbo," alisema Maman Madina taratibu. Alikitazama kikombe chake. "Mimi, kila nikisikia, nilikuwa natoka na maji. Naweka pale kwenye kiti, nasema, Djuma, kunywa. Nilijua watu wananisema vibaya, lakini nilikuwa nafurahi kidogo."

Falonne alilia kwa sauti. Hakuwa amejua kwamba alichochukua ni kikubwa hivyo, wala kwamba kukirudisha pia kutamwondolea mjane kitu.

Maman Madina alimshika bega. "Sikiliza, mutoto. Kumupenda papa yako ni kuzuri, na kuogopa si zambi. Lakini kosa la mutu mwenye angali hai usimubebeshe maiti. Maiti hawezi kujitetea, na muzigo unaangukia mwenye amebaki. Ukikosa, sema mapema, wakati kosa lingali dogo sawa pini."

Alimpa Falonne kikombe.

"Kunywa," alisema. "Wewe ndiye ulikuwa unaniita."

Falonne alikunywa maji yote. Kisha yeye na baba yake waliikokota baiskeli kwa miguu mpaka nyumbani, mvua ikiwanyeshea, na kwenye mteremko waliishika wote wawili.