Jeli Kwenye Jicho la Shangazi

"Zima hiyo mashine, twende zetu," mchumba wake alimwambia. "Gari la machinjioni liko njiani."

Daktari hakuizima. Chupa ya jeli ilikuwa mkono wa kulia, kidude cha kupimia mkono wa kushoto, na pete ya uchumba mfukoni mwa koti, maana hakuwahi kuvaa glovu juu ya pete. Mbele yake, ndani ya kibanio cha mbao, alisimama ng'ombe mwekundu ambaye jicho lake moja lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe tangu alipojichoma na tawi kavu. Ng'ombe huyo aliitwa Shangazi kwa ubabe wake: kwenye maji lazima anywe yeye kwanza, na anayebisha anapigwa kikumbo.

Daktari mwenyewe wafugaji walimwita Dokta Jeli. Jina alibandikwa na huyohuyo mchumba wake, mkuu wa kliniki ya mifugo walikofanya kazi wote wawili. Alikuwa akiwachekesha watu kwamba binti huyu akipima mimba ya ng'ombe mmoja, jeli anayomwaga ingetosha kuoshea banda zima. Watu wakacheka, jina likaganda. Yeye hakununa. Alimpenda yule bwana, na ukimpenda mtu hata utani wake unaumeza na maji.

Ila leo maji yalikuwa yamemfika shingoni. Siku chache hizi alikuwa kwao akimwuguza mama yake, na huku nyuma Mkuu akampima Shangazi peke yake. Jicho lenye ukungu huwezi kulichungulia kwa tochi, mwanga unagonga ule weupe na kurudi. Ultrasaundi, mashine ya mawimbi ya sauti, hupita. Wengi wanaijua kwa mimba tu, lakini ukiiweka juu ya kope inakuonyesha jicho lote mpaka nyuma. Basi Mkuu akaiweka, akaona giza limekula ukuta wa nyuma wa jicho, akatangaza mbele ya wafugaji kwamba ni uvimbe na utasambaa. Mwenye ng'ombe alikuwa mama mzazi wa Mkuu mwenyewe. Mama akalia, akajifuta, akaagiza gari.

Dokta Jeli alipata habari asubuhi hiyo akishuka safarini. Akaja moja kwa moja, begi lake bado liko pale kwenye nyasi.

"Nimpime mara moja tu," alisema.

"Upime nini? Mimi nimeshapima."

"Ndiyo maana nataka kupima."

Mkuu akasogea karibu, akashusha sauti. Akamkumbusha kwamba harusi imekaribia, kwamba aliyeshika kamba ya ng'ombe pale ni mama mkwe wake mtarajiwa, na kwamba wafugaji waliojaa uani ndio wateja wao.

"Usinivue nguo mbele ya watu," alimalizia.

"Mimi sitaki ng'ombe achinjwe bure. Kama nguo zako zimeshikiliwa na hilo, zifunge vizuri."

Mkuu akageuka, akaenda kusimama kwenye ukuta wa banda. Mara simu ya Dokta Jeli ikatetemeka. Mtu yuko palepale, anamwandikia ujumbe:

"Kwa mapenzi yetu, nakuomba uache. Ukiweka hiyo jeli, usinitafute tena."

Aliusoma, na moyo ukamuuma kwelikweli. Alitamani kukaa chini kwenye nyasi alie. Badala yake akajibu:

"Sikutafuti. Niko hapa kwenye kibanio, ukinihitaji."

"Mnaandikiana nini na mnaonana?" mama mtu akauliza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na Dokta Jeli siku zote alimwogopa. Akajiandaa kufukuzwa. Mama akamwangalia mwanawe, akamwangalia binti, akaizungusha kamba mkononi ikakaza.

"Pima, mwanangu. Ng'ombe ni wangu."

Dokta Jeli akamdondoshea Shangazi dawa ya ganzi, akalifumba jicho, akamimina jeli juu ya kope mpaka ikamchuruzika shavuni. Akaweka kidude polepole, bila kukandamiza. Kwenye kioo likatokea jicho zima, duara safi. Lenzi ilikuwa mahali pake. Ukuta wa nyuma ulikuwa umetulia, mstari mmoja usiokatika. Alilipima kwa kusimamisha kidude, kisha kwa kukilaza, asije akasema ameona upande mmoja.

"Hakuna uvimbe, mama. Ukungu uko mbele tu, na wa mbele unatibika."

"Umepima juu juu," Mkuu akasema kutoka ukutani. "Uvimbe uko ndani zaidi."

Wafugaji wakaanza kunong'ona. Gari la machinjioni nalo likaingia uani, dereva akapiga honi. Dokta Jeli hakubishana. Alizunguka upande wa pili, kwenye jicho lisilo na ukungu, lile ambalo Shangazi alikuwa akimkodolea dereva. Akalitia ganzi, akapaka jeli kiduchu kama anayepaka mafuta ya kuazima, akaweka kidude polepole vilevile. Kwenye kioo giza likashuka, likaula ukuta wa nyuma wote.

"Hee," mama akasema. "Na hilo nalo lina uvimbe?"

"Hili ndilo analochagulia majani. Jeli ikiwa haba, hewa inabaki kwenye manyoya ya kope, na mashine haipiti kwenye hewa. Hilo giza ni la hewa, mama. Si ugonjwa."

Akaongeza jeli, giza likaondoka. Uani mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mkuu alikuwa ameinamisha kichwa, na hapo ndipo Dokta Jeli alipoona kitu kilichomkata maini. Yule bwana hakushangaa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa.

"Ulimpima tena baada ya siku ile?" akamuuliza.

Mkuu akainama kujifunga kamba ya kiatu.

"Mwenzangu, nakuuliza."

"Juzi," akasema. "Nikaweka jeli kama unavyoweka wewe."

"Ukaona nini?"

"Nikaona ulichokiona wewe."

"Na gari ukaliacha lije?" mama akadakia.

"Nilikuwa nimeshatangaza, Mama. Kila mtu alikuwa ameshasikia."

Dokta Jeli alivua glovu moja moja. Sauti yake ilitoka tulivu kuliko alivyotegemea.

"Kukosea kupima si neno, hata mimi nimeshakosea. Lakini ulikuwa radhi afe, mradi wewe usikiri umekosea. Siku nikiumwa mimi, ukanisoma vibaya, ukagundua watu wameshasikia, utaniagizia gari gani?"

Mama alimwendea dereva, akamwambia aondoke mtupu na amsamehe kwa usumbufu. Kisha akarudi kwa binti, akasema kwamba yeye ndiye aliyemzaa Mkuu, lakini hatamsihi mtu aolewe naye.

Pete ilibaki mfukoni. Kila siku Dokta Jeli alikuja kumtibu Shangazi, na kila siku alipita mlangoni pa ofisi ya mchumba wake bila kugeuza shingo. Simu zake hakupokea. Maua yalipoletwa alimlisha Shangazi, naye akayala mpaka vikonyo. Ndugu na marafiki walimpigia kumwambia mwanaume haaibishwi hivyo, ndoa ni kuvumiliana. Aliwajibu kwamba kuvumilia anaweza, ila kunyamazishwa hawezi.

Halafu siku moja, kwenye kundi la wafugaji la simu, ikaingia sauti ya Mkuu:

"Ndugu zangu wafugaji, mlinisikia nikisema ng'ombe wa mama ana uvimbe. Nilikosea, sikuweka jeli ya kutosha. Siku mbili kabla ya gari kuja nikajua nimekosea, nikanyamaza kwa ajili ya jina langu. Mwenzangu ndiye aliyesema kweli, na mimi nikamtisha asiseme. Mmesikia kosa langu kwa mdomo wangu, basi na hili lisikieni."

Wafugaji hawakumwacha salama. Kabla ya saa sita alikuwa ameshaitwa Dokta Mkavu. Hakujitetea.

Kesho yake alimkuta Dokta Jeli kwenye kibanio, mama ameketi pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ukungu wa Shangazi ulikuwa umebaki mdogo kama ukucha.

"Nishike kichwa?" Mkuu akauliza.

"Kichwa nashika mimi. Wewe pima."

Akavaa glovu, akaichukua chupa, akamimina. Akamimina tena. Jeli ikamfunika Shangazi shavu lote, ikadondokea viatu vyake.

"Hiyo ingetosha kuoshea banda zima," mama akasema, akacheka mpaka ndoo ikayumba.

Mkuu akaweka kidude, akasoma kwa sauti: lenzi iko sawa, ukuta wa nyuma uko sawa. Kisha akainamia kioo. Watu wawili walikuwa wamesimama langoni wakisikiliza, naye aliwaona.

"Hapa pembeni sielewi," akasema, hakushusha sauti. "Njoo unisaidie."

Dokta Jeli akampa mama kamba. Akatia mkono mfukoni mwa koti, akavaa pete yake, ndipo akasogea kuangalia.