Jina Moja Katika Daftari la Ufunguo

Kabati lilikuwa limeshapakiwa garini, godoro limefungwa kamba, na karani wa masjala bado anafagia. Nyumba ya serikali ananyang'anywa, naye anaifagia. Binti yake alikaa juu ya ndoo, anakula mkate taratibu kama anayekwenda matembezini. Mume wa karani alishaketi mbele na dereva, hageuki.

Ndugu zangu, nimezunguka sana, nimeona watu wakifukuzwa kazi kwa wizi, ulevi na uvivu. Huyu alifukuzwa kwa kuwahi kazini.

Masjala, chumba cha mafaili, ilikuwa na mazoea yake. Anayefika wa kwanza anachukua ufunguo na kusaini daftari. Wengine wanaingia na kutoka mpaka jioni bila kusaini chochote. Kwa miaka kumi na minne, wa kwanza alikuwa yeye. Faili la kiwanja lilipopotea, kamati ya nidhamu ikafungua daftari, ikakuta jina moja ukurasa hadi ukurasa. Akaeleza kuwa watu sita huingia mle. Wakaandika kwamba anajitetea tu. Katika hao sita hakuitwa hata mmoja.

"Mama, kama si wewe, ni nani?" mwenyekiti akamuuliza.

"Nilidhani hilo ndilo mlilokaa kulitafuta, mzee."

"Hapa si mahakamani. Sisi inatutosha kuona inaelekea ni wewe."

Inaelekea kwa kipi? Chai yao haijapoa, barua ya kumfukuza imeshagongwa mhuri.

Gari lile liliwashusha kwa dada wa mume. Wiki ya pili mume akamwambia mkewe kuwa serikali haimfukuzi mtu bure. Naye kajifanya kamati, ya mtu mmoja. Mama akamshika binti mkono, wakaenda kupanga chumba.

Akakata rufaa. Miezi kumi na moja baadaye, tume ya rufaa ikamwita tarishi wa ofisi, ikamuuliza kama amewahi kulibeba faili lile. Akasema ndiyo, alilipeleka kwa mpima ardhi, kwa agizo la mkuu wa ofisi aliyekwisha kuhamishwa. Likakutwa huko, kabatini.

Karani akamgeukia. "Mzee wangu, muda wote huu ulijua?"

"Sikuulizwa, mwanangu."

FUNZO

Kamati si mahakama, sawa, wala haidaiwi uhakika wa kumpeleka mtu jela. Lakini hata hiyo "inaelekea" lazima iegemee kitu: aliyeona, aliyebeba, aliyepokea. Jina kuwa karibu na kosa si ushahidi. Mkiwa wavivu wa kuuliza, msikalie kiti cha kuhukumu riziki ya mtu. Na wewe unayejua, usingoje kuitwa.

Karani amerudi masjala. Siku hizi kila anayeingia anasaini. Tarishi amestaafu. Kwenye nyumba ile ya serikali anakaa mtu mwingine. Mume aliomba radhi; bado anaishi kwa dada yake. Mwenyekiti ni mwenyekiti hadi leo.