Simu ya Bi Tabia Yabadilishwa Mara Tatu

Kila asubuhi Bi Tabia hukanda unga wa mikate ya mofa. Mikono yote miwili imo kwenye beseni, na simu imo ndani ya ushungi, imebanwa sikioni. Mwanamke gani wa mtaa wa Mkunazini hafanyi hivyo? Kazi inakwenda na maneno yanakwenda.

Siku hiyo alikuwa akizungumza na binti yake Fathiya, aliyeolewa Uroa. Fathiya alikuwa na mimba ya miezi minane, na presha ilikuwa ikimpanda. Mumewe alikuwa dago huko Pemba, kambini na wavuvi wenzake. Daktari alishamwambia: kichwa kikiuma sana, au macho yakiingia ukungu, asingoje, aende hospitali. Lakini Fathiya, jamani, ni mtu wa "ngoja kwanza". Haondoki mpaka asukumwe na mamake.

"Mama, leo kichwa changu..."

Simu ikakatika.

"Fathiya! Fathiya!" Bi Tabia alibonyeza simu kwa vidole vyenye unga. Alipiga mara tano ndipo akampata.

"Kimeshatulia, mama. Nshakunywa dawa."

Bi Tabia alishusha pumzi, lakini moyo haukutulia. Hii ilikuwa simu ya pili. Ya kwanza ilikuwa na ugonjwa huu huu. Ukiiweka sikioni, kioo hakizimi. Shavu linagusa kitufe chekundu, maneno yanakatika. Muuza simu, Bwana Matar wa Darajani, alimbadilishia kwa waranti. Na hii ya pili nayo ni yale yale!

Akanawa mikono, akavaa buibui, akaenda.

"Bi Tabia," alisema Matar akicheka, "simu haina kosa. Kosa ni huo ushungi wako. Haya, nakubadilishia tena, basi. Tia saini hapa."

Bi Tabia aliona haya mbele ya wateja. Alitia saini, akapokea simu ya tatu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaondoka mbio. Hakuijaribu. Alipofika nyumbani akampigia Fathiya. Salamu tu, simu ikakatika.

Hapo alilia kwa hasira. Jirani yake Mwanakheir alimsikia, akaja. Mwanakheir ni fundi wa simu.

"Nipe niione," alisema.

Alipiga namba yake mwenyewe, kisha akaziba sehemu ya juu ya kioo kwa kiganja. Kioo kiliendelea kuwaka.

"Umeona? Sensa imekufa."

"Sensa? Si walishatuhesabu wale?"

Mwanakheir alicheka mpaka akakaa chini. "Siyo ya kuhesabu watu, Bi Tabia! Ni kijicho kidogo hapa juu. Kikiona sikio au nguo iko karibu, kinazima kioo, usibonyeze kitu. Ushungi hauna kosa. Kijicho kikiwa kizima, ushungi ndio unaokizimisha kioo vizuri."

"Matar kanitia aibu bure!" Bi Tabia akamsimulia habari ya simu zote tatu.

"Hivi, boksi la simu ya kwanza unalo? Nna shaka na hii."

"Liko kabatini, na risiti yake."

Mwanakheir alibonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Ikatokea namba ndefu. Kila simu ina namba yake, na hakuna simu mbili zenye namba moja. Akaisoma, Bi Tabia akaifuata kwa kidole kwenye boksi. Tarakimu kwa tarakimu, mpaka mwisho.

Wakatazamana.

"Ndiyo simu yangu ya kwanza," Bi Tabia alisema polepole. "Kanirudishia ile ile!"

"Gamba jipya, ugonjwa wa zamani. Umepigwa changa la macho. Sasa usiende kugomba. Tuandike."

Waliandika barua fupi: siku aliyonunua, siku alizorudi, kosa la simu, na namba yake. Walitoa nakala ya barua na ya risiti. "Asipokusikiliza, nakala hizi utazipeleka ofisi ya kutetea walaji," alisema Mwanakheir. "Na kwa leo, ongea kwa spika. Iweke mezani, mbali na shavu."

Kesho yake Matar aliisoma barua akiwa amesimama. Kicheko kilimwisha.

"Mafundi wetu ndio walioirudisha hivi," alisema. "Mie sikujua."

"Huenda hukujua," Bi Tabia alijibu. Safari hii hakuona haya, wala hakuondoka. "Nina binti mgonjwa Uroa. Nataka mpya, ndani ya boksi lililofungwa. Na sitii saini mpaka niijaribu hapa hapa."

Matar alitoa boksi. Bi Tabia alilinganisha namba ya simu na ya boksi. Akapiga simu, akaziba juu kwa kiganja. Kioo kikazima. Akaondoa kiganja, kikawaka. Ndipo akatia saini.

Siku ya nne baada ya hapo, unga ukiwa kwenye beseni, simu ililia.

"Mama, macho yangu yana ukungu. Ngoja kwanza nilale kidogo..."

"Usilale! Nyanyuka. Vaa buibui. Usikate simu!" Bi Tabia alitoka nje mbio, simu imo kwenye ushungi. "Mwanakheir! Mpigie dereva wa teksi wa Uroa, namba iko ukutani kwangu!"

Alisikia binti yake akihema. Alisikia mlango, kisha gari.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Nipo."

Walikwenda hivyo mpaka mlango wa hospitali.

Fathiya alipasuliwa mchana ule ule, akazaa mtoto wa kike. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, yangekuwa mengine. Mwanakheir alipofika wodini alimkuta Bi Tabia amempakata mjukuu.

"Hongera! Anaitwa nani?"

"Muulize mamake," alisema Bi Tabia. "Mie huoni nnalia?"