Mzigo Alioupokea Levina

Balaa lilianza na ukimya, baada ya matusi ya miaka mingi. Miaka tisa Vedasto alikaa kizingitini pa nyumba ya marehemu baba yao hapo Tabora, pale njia ya zamani ya misafara ya wapagazi wa pembe za ndovu inapopita mlangoni kabisa, na kila saa saba mchana alimtukana mtu asiyeonekana: "Pita na mzigo wako. Hapa hatupokei." Majirani walishazoea, wengine walisogeza na vigoda wasikilize vizuri, maana matusi yenyewe yalikuwa na chumvi. Mpaka siku jiwe alilomrushia mtu wake huyo lilipompata Bi Fakhria wa duka la vitenge kwenye paji la uso.

Aliyemfikisha mahakamani ni dada yake mwenyewe, Levina, na wala hakutoa chozi. Hakimu akaamuru Vedasto achomwe sindano kliniki kila mwezi, Levina awe msimamizi wake na atie saini kwenye kadi. Vedasto akikosa hata moja, anafungiwa wodi ya wagonjwa wa akili. Levina aliapa kidevu juu, utadhani anaolewa.

Sindano ya tatu, akili ikatulia. Vedasto akanyoa ndevu, akapata kazi kwa fundi wa mizinga ya nyuki, akamchumbia Marcelina wa kwaya ya Moravian. Kizingiti kikabaki kitupu, na saa saba ikawa kimya.

Mchana mmoja Levina alikuwa peke yake akichambua mchicha. Ikaja harufu ya jasho, jasho la mtu aliyetembea miezi bila kuoga, na njuga ikalia mara moja. Kisha sauti ya kiume, ya adabu kabisa: "Hodi."

Mbwa hakubweka. Levina ana ulimi wa upupu, lakini kwa wageni kafundwa. Akajibu bila kuinua kichwa, "Karibu, nikupokee mzigo," akanyoosha mikono.

Hapakuwa na mtu. Kitu kirefu, cha baridi, laini kama pembe ya ndovu, kikatua shingoni mwake, na pumzi ya mtu aliyechoka ikamwambia sikioni, "Nishikie. Narudi."

Tangu hapo shingo ilipinda akawa anatazama vidole vyake vya miguu, na kila saa saba njuga ilipolia alikimbilia mlangoni akidhani mwenyewe kaja kuchukua chake, kumbe ni harufu tu inapita, inazunguka uani, inaingia chumbani, inalala kitandani kwake na kukoroma mpaka jua linazama. Padri alinyunyiza maji, yakakauka kabla ya kugusa sakafu. Shehe aliyeletwa na Bi Fakhria alisoma hadi koo likamkauka, akasema mgeni huyu anamwogopa mmoja tu, yule aliyekuwa akimtukana.

Levina akamfuata mdogo wake jioni, sauti ya chini.

"Sindano ya mwezi huu iache, Vedasto. Moja tu. Urudi mlangoni umwambie achukue chake. Kadi nitaisaini."

Vedasto alikuwa akitoa nta kwenye kucha. "Nifungiwe wodini? Uliapa mwenyewe, dada."

"Unanilipizia."

"Nilipokuambia kuna mtu mlangoni, ulinimwagia maji ya vyombo."

Siku ya kliniki ikafika. Muuguzi, binti mpole aitwaye Paskazia, alimpima Vedasto uzito kabla ya sindano: kilo sitini na mbili. Akamwonea huruma Levina alivyokonda, akamwambia naye apande. Mshale ukapita sitini, ukapita mia, ukafika mwisho ukatetemeka. Paskazia akasema mizani imeharibika, akampandisha Vedasto tena. Sitini na mbili.

Vedasto akakunja mkono wa shati. Muuguzi akainama kuvuta dawa.

Ndipo harufu ya jasho ikaingia, na njuga ikalia nje ya mlango.

"Hodi."

Vedasto hakusikia kitu. Paskazia alisikia, na kwao pia amefundwa. Levina angeweza kumziba mdomo, alikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Akanyamaza, akahisi shingo inaanza kuwa nyepesi, akamsubiri binti wa watu ajibu.